Dunia Inazunguka au Inazungushwa?

Swali hili si langu, ni la baba yangu. Aliniuliza usiku mmoja nilipokuwa na miaka kumi na mitano, nikijiandaa kwa mtihani wa jiografia. Masomo yetu yalikuwa kwa Kifaransa, nami nilikuwa na desturi ya kujitafsiria kwa Kiswahili kila sentensi ngumu na kuisoma kwa sauti mpaka iniingie kichwani. Usiku ule sentensi ilikuwa hii: "Dunia hulizunguka jua kwa muda wa siku 365 na robo." Baba alikuwa ametoka safari ya mjini, ameketi kwenye kigoda akifungua kamba za viatu vilivyojaa vumbi. Akanisikiliza mara mbili, mara tatu, kisha akauliza, "Binti yangu, hiyo dunia inalizunguka jua kwa kupenda kwake, au inazungushwa?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka. Alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda ofisi moja kuulizia shamba la babu, na alikuwa ameambiwa arudi wiki ijayo. Wiki iliyotangulia aliambiwa hivyohivyo. Wiki iliyofuata, nakumbuka, aliambiwa mwenye faili yuko safarini.

Niseme kwanza Kiswahili kilinipataje, maana msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kushangaa kuona binti wa Burundi akijivunia kitenzi cha Kiswahili kama mali ya urithi. Babu yangu alikimbia nchi mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa, akiwa na baba yangu mwenye umri wa miaka sita. Walivuka wakaingia Tanzania, na mwishowe wakapelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Babu alizikwa huko. Baba alisoma huko, akaoa huko, nami nikazaliwa huko mwaka 2000. Mwaka 2008, wakimbizi wa 1972 walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya uraia wa Tanzania na kurudi Burundi, wengi walichagua uraia. Baba alichagua kurudi. Nilikuwa na miaka minane. Shuleni waliniita "Mtanzania", na hawakuwa wakinisifu. Kirundi nilikipata kwa kucheza, Kifaransa kwa kukariri, lakini lugha niliyozaliwa nayo ni Kiswahili, na mpaka leo nikitaka kujua kama nimelielewa jambo, nalipitisha huko.

Basi tukitazame kitenzi chenyewe. *Zunguka* ni neno la kazi nyingi mno. Mtu akisema "Nimeizunguka nyumba", tunamwona akipita nje, ukutani, mpaka akarudi alikoanzia. Akisema "Nimezunguka mji mzima sijapata chumvi", tunamwona akipita ndani, duka hadi duka. Kitenzi ni kilekile, na katika sentensi moja mtu hakuingia kabisa, katika nyingine hakubakiza kichochoro. Wala hakuna kihusishi cha kutusaidia. Kifaransa kinakulazimisha useme unazunguka "pembeni mwa" kitu. Kiswahili kinamkabidhi msikilizaji kazi hiyo. Ndiyo maana sentensi "Dunia inazunguka", ikiachwa hivyo peke yake, haitoshi kwa mwalimu wa sayansi. Inazunguka katika mhimili wake, ikaleta usiku na mchana? Au inalizunguka jua, ikatimiza mwaka? Vitabu vyetu vinalazimika kuongeza maneno kila mara: "kujizungusha katika mhimili wake" kwa hilo la kwanza, na "kulizunguka jua" kwa hili la pili. Wataalamu wamekopa pia *obiti*, neno ambalo asili yake ni Kilatini na ambalo kule lilimaanisha alama iachwayo na gurudumu njiani. Ni neno zuri, lakini linataja njia tu. Mwendo wenyewe halitaji, na mwendeshaji ndiyo kabisa halimgusi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha ukali wake, ukali ambao sikuuona mpaka baba aliponiuliza. Ongeza kiambishi kimoja upate *zungusha*: yuko mtu anayefanya kitu kizunguke. Ongeza kingine upate *zungushwa*: yuko anayefanyiwa. Na *zungukwa* ni jambo jingine kabisa, ni yule aliye katikati na wenzake wamemzingira. Mzungumzaji hawezi kukwepa kuchagua. Kila anapofungua kinywa ameshasema nani ametenda na nani ametendewa, hata kama hakukusudia.

Na mitaani *zungusha* ina maana ambayo haimo katika vitabu vya sayari. Fundi cherehani amechukua kitambaa chako wiki tatu kabla ya sikukuu. Unakwenda, anasema njoo Jumatano. Jumatano anasema umeme ulikatika. Ijumaa anasema msaidizi wake anauguliwa. Utasema, "Fundi huyu ananizungusha", na kila mtu ataelewa. Mdeni anakuzungusha. Mchumba asiyetaka kutaja siku ya kwenda kwenu anakuzungusha. Ofisi inakuzungusha. Kuzungushwa ni kutembezwa bila kufikishwa, na anayekutembeza hajainuka kwenye kiti chake.

Baba alikuwa anauliza, kwa hiyo, swali la fizikia kwa lugha ya mtu aliyechoka na benchi za ofisi. Nilikwenda nalo kwa mwalimu wa fizikia. Namshukuru hadi leo, kwa sababu hakunifukuza.

Alichora ubaoni. Alisema, kwa Kifaransa chake cha taratibu, kwamba zamani watu walidhani lazima kuwe na kitu kinachozisukuma sayari zisisimame, na kwamba Kepler, aliyeonyesha mwaka 1609 kwamba njia ya sayari si duara kamili bali ni duaradufu, bado alikuwa akitafuta nguvu ya namna hiyo itokayo kwenye jua. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliligeuza swali. Hakuna anayeisukuma dunia iende mbele. Inakwenda yenyewe, karibu kilomita 30 kwa kila sekunde, kwa sababu hakuna kitu cha kuizuia. Kinachohitaji maelezo ni kwamba haiendi moja kwa moja. Jua linaivuta. Kama jua lingetoweka, dunia ingeshika mstari ulionyooka na kupotea gizani. Na kama dunia ingesimama ghafla, ingeanza kuangukia jua na kulifikia baada ya miezi miwili hivi. "Kwa hiyo," akasema mwalimu, "kuzunguka ni kuanguka. Dunia inaliangukia jua kila siku, na kila siku inalikosa, kwa kuwa inakimbia kwenda pembeni."

Niliporudi na jibu hilo baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ni nusu kwa nusu. Mwendo ni wake, kupinda ni kwa mwenzake." Sijasikia tangu hapo, hata chuo kikuu, mtu akilisema kwa maneno machache kuliko hayo.

Lakini mwalimu alikuwa na nyongeza, nayo ndiyo iliyonisumbua zaidi. Alisema jua nalo linavutwa. Dunia inalivuta, Mshtarii inalivuta zaidi, na kwa sababu hiyo jua halitulii mahali pamoja, nalo linazunguka kiduara chake kidogo. Kwa lugha yetu ningesema vinazungukana, ila mmoja ni mkubwa mno hata hatumwoni akitikisika. Nikamfikiria baba na benchi lake. Miaka ile yote ya kwenda na kurudi, je, ofisi ile ilitikisika hata kwa unywele?

Sasa nije kwenye kosa langu, maana insha hii nisingeiandika kama nisingekuwa nalo.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari tulipewa insha ya kuandika juu ya historia ya nchi yetu. Nilikuwa nimegundua jambo lililonipendeza sana, kwamba Kifaransa kinatumia neno moja, *révolution*, kwa mwendo wa sayari na kwa kupinduliwa kwa serikali. Neno hilo lilitoka angani kwanza. Copernicus alilitia, kwa Kilatini, katika jina la kitabu chake cha mwaka 1543 juu ya mizunguko ya mbinguni, na baadaye sana ndipo wanasiasa walipolichukua. Kiswahili kimeyatenganisha mambo hayo mawili. Sayari ina *mzunguko*, serikali ina *mapinduzi*, na *kupindua* ni kama mtumbwi unavyopinduka ziwani, wa juu akawa chini. Anayezunguka anatarajiwa kurudi. Aliyepinduka hana ahadi hiyo. Ndiyo maana Zanzibar inaadhimisha Mapinduzi ya 12 Januari 1964 na haiadhimishi mzunguko.

Mimi nikaona nimepata ufunguo. Nikaandika kwamba sisi Warundi tunasema mapinduzi lakini tunapata mzunguko. Nikapanga miaka: 1966, 1976, 1987, 1996. Nikaonyesha kwamba Meja Pierre Buyoya aliyeingia kwa mapinduzi mwaka 1987, akaachia madaraka baada ya uchaguzi wa 1993, alirudi kwa mapinduzi mwaka 1996, kama sayari iliyotimiza mwaka wake. Nikasema watu nao ni vivyo hivyo, wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Nikahitimisha kwamba historia yetu ni obiti, na sisi ni abiria tu. Nilipewa alama za juu kuliko wenzangu wote. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Niliibeba nyumbani kama mtu aliyebeba sinia la pilau.

Nikamsomea baba, nikitafsiri kila sentensi. Aliposikia mwisho aliuliza, "Kwa hiyo hakuna aliyetenda?"

Nikasema, "Baba, si hivyo, ni mfano tu."

"Mfano wa nini? Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilikimbia kwa sababu walikuja watu. Walikuwa na nyuso. Baba yangu aliwajua baadhi yao kwa majina. Wewe umesema ni sayari."

Hakuongeza neno. Aliinuka akaenda kufunga banda la kuku. Sina hakika kama nimewahi kuaibika zaidi ya jioni ile, na ilikuwa aibu ya namna ngeni, kwa sababu hakuna sentensi ya uongo niliyokuwa nimeandika. Miaka ilikuwa sahihi, majina ni sahihi, kufanana kulikuwepo. Kosa lilikuwa katika kitenzi. Nilikuwa nimetumia *zunguka* mahali ambapo haki ilidai *zungusha*, na kwa herufi mbili hizo nilikuwa nimewatoa watu wote ukumbini nikabakiza nyota.

Nadhani hili ndilo swali la maadili lililomo ndani ya neno hili, nalo si la Burundi peke yake. Ni halali wakati gani kuyasema mambo ya watu kwa lugha ya mwendo wa mbingu? Tunafanya hivyo kila siku. "Ndiyo dunia inavyozunguka." "Dunia duara." "Leo kwako, kesho kwangu." Tunasema mzunguko wa umaskini, mzunguko wa visasi, mzunguko wa vita, kana kwamba visasi vina mhimili wake huko angani na sisi tunachoweza ni kuhesabu siku. Maneno haya yanafariji, sikatai. Bibi aliyefiwa na watoto watatu akisema dunia inazunguka, sina ubavu wa kumsahihisha sarufi. Ameteseka vya kutosha kuwa na haki ya kuchagua kitenzi chake. Ila mtu aliyeshika faili la mwenzake akisema hivyo, au aliyeshika bunduki, au mwanafunzi anayetafuta alama kama nilivyokuwa mimi, hapo neno limebadilika kazi. Limekuwa pazia.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba hata huyo mwenye faili amezungushwa na aliye juu yake, na wa juu na wa juu zaidi, na kwamba ukiifuata *zungusha* mpaka mwisho hutamkuta mtu, utakuta mfumo. Jibu hili nalijua vizuri, kwa sababu nililisikia kutoka kwa mtu ambaye ningependa sana kumchukia na sikuweza.

Shamba la babu liko kusini mwa nchi, karibu na Ziwa Tanganyika. Ni michikichi, si mingi, lakini inatoa mawese. Tuliporudi tulimkuta bwana mmoja ameketi pale na familia yake. Alikuwa mkubwa kwa baba kwa miaka michache. Baba yake alipewa lile shamba na wakubwa wa wakati ule, miaka kadhaa baada ya sisi kukimbia, akaambiwa halina mwenyewe. Yeye alikulia pale. Kaburi la baba yake liko pale, chini ya mchikichi ambao huenda babu yangu aliupanda. Siku ya kwanza tulipokwenda alitupa viti, akatuletea maji ya kunywa, akasema, "Bwana, mimi sikukufukuza. Nilikuta. Nikitoka hapa nitaanza kuzunguka mimi na watoto wangu kama ulivyozunguka wewe. Ndiyo dunia."

Ningetaka kusema baba alimjibu kwa ukali. Hapana. Alikunywa maji, akashukuru, na tulipokuwa njiani akaniambia, "Huyu naye anazungushwa." Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Lakini yeye amekaa kivulini akizungushwa, na mimi juani."

Katika sentensi hizo mbili baba alikataa mambo mawili kwa pamoja. Alikataa kumfanya bwana yule kuwa mkosaji wa yote, na alikataa kukubali kwamba, kwa kuwa hakuna mkosaji wa yote, basi hakuna anayewajibika kwa chochote. Mfumo ni kweli upo. Lakini mfumo haujui kusema "njoo wiki ijayo". Neno hilo lazima litoke mdomoni mwa mtu, siku fulani, saa fulani, na mtu huyo angeweza kusema neno jingine. Kila kiungo cha mnyororo kina sehemu yake ndogo ya *zungusha*. Sehemu hiyo inapimika. Haiwi sifuri kwa sababu tu haikuwa mia.

Hapa niseme jambo la kulitetea neno lenyewe, maana nimelishtaki mno. Kuzunguka si ubaya. Mama yangu amenisomesha kwa kuzunguka. Anachukua ndagala kwa wavuvi asubuhi, anajitwika beseni, anazunguka mtaa kwa mtaa mpaka liishe, na anajua mlango upi hununua Jumanne na upi hulipa mwisho wa mwezi. Ukimwambia anazungushwa atakukasirikia. Jirani zetu Waislamu wanasimulia hija kwa macho yanayong'aa, na kilele cha masimulizi ni tawafu, kuizunguka Kaaba mara saba. Hakuna anayewalazimisha, na wanaporudi hawasemi hawakufika popote. Kumbe mtu anaweza kuzunguka kitu kwa sababu anakipenda, au kwa sababu anajua njia yake na faida yake. Tofauti na benchi la ofisi iko wapi? Mama akichoka anakaa. Hujaji akimaliza saba amemaliza. Baba hakujua idadi, na hata leo hajui. Idadi iko kwa mwingine.

Nikiwa chuo nilijifunza pia kwamba hata ule mfano wangu wa sekondari ulikuwa mbovu kisayansi, jambo lililonifurahisha kwa namna ya kisasi. Niliandika kwamba sayari hurudi palepale. Hairudi. Jua lenyewe linasafiri ndani ya kundi letu la nyota, nalo lahitaji zaidi ya miaka milioni 200 kulikamilisha duara lake, likiikokota dunia na zingine zote. Dunia inapotimiza mwaka haiko ilipokuwa mwaka jana, iko mbali kabisa. Anayeitazama kutoka nje angeona mwendo unaojisokota kama springi iliyovutwa, si duara lililofungwa. Na mwezi, ambao babu zetu waliutumia kuhesabu siku kwa kuuamini kwamba haubadiliki, unaenda mbali nasi karibu sentimita nne kila mwaka. Wamepima kwa miali ya leza na vioo vilivyoachwa huko na wanaanga tangu 1969. Kwa hiyo hata mbinguni hakuna kurudi palepale, na anayetumia mbingu kuthibitisha kwamba mambo ya watu lazima yajirudie ametumia shahidi asiyekubaliana naye. Sitaki kujenga juu ya hili zaidi ya hapo. Sayari si walimu wa maadili, na nimeshachomeka mkono humo mara moja nikaungua.

Likizo iliyopita baba aliniomba nimwandikie barua. Faili la shamba lilikuwa limehamishwa tena, na alikuwa ameambiwa alete maelezo mapya, kwa Kifaransa, ya safari nzima ya madai yake. Niliketi na karatasi, nikaandika vizuri, kwa adabu inayotakiwa katika barua kama hizo. Katika aya ya pili niliandika kwamba faili "limezunguka" katika ofisi kadhaa bila ufumbuzi kupatikana. Nikamtafsiria.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Faili halina miguu."

Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyoandika, kwamba barua ya kiofisi haitaki kumnyooshea mtu kidole, kwamba tukiwataja watu wanaweza kukasirika na faili likalala miaka mingine mitano. Sikuwa nasema upuuzi. Hofu hiyo ni ya kweli, na mimi niliyeiandika insha hii yote sikuwa na ujasiri wa kuandika kitenzi kinachofaa katika karatasi moja inayokwenda kwa watu wenye mhuri. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hataki niandike tusi, wala shutuma, wala neno *zungusha*. "Andika tu nani alilipokea, siku gani, akalipeleka wapi. Andika aliniambia nirudi lini. Andika nilirudi. Basi. Wao wasome wenyewe kama linazunguka au vipi."

Nikamuuliza kama anazikumbuka siku. Akaleta mfuko wa plastiki, mweusi, uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake mlikuwa na tiketi za basi, risiti za kunakili karatasi, vipande vya daftari vyenye tarehe kwa mwandiko wake wa shule ya Ulyankulu, herufi kubwa zilizolala upande mmoja. Vingine vilikuwa vimefifia, na hapo alihesabu kwa mambo mengine: mvua zile zilizobomoa daraja, wiki aliyougua mama, siku ile mtihani wangu wa jiografia.

Tukaanza na 2008. Nilikuwa naandika mstari mmoja kwa kila safari: tarehe, cheo cha aliyempokea, alichoambiwa, tarehe ya kurudi. Nilidhani tutajaza ukurasa mmoja. Saa tatu usiku umeme ukakatika, tukaendelea kwa mwanga wa simu yangu, yeye akivisogeza vile vikaratasi karibu na macho na kunisomea polepole. Simu ilipobakiza asilimia nne tulikuwa bado tuko mwaka 2013.